KUKOPA MATANGA, KULIPA MATANGA

Wazee wetu walituachia neno: kukopa harusi, kulipa matanga. Maana yake yajulikana na kila mtu. Siku ya kukopa mtu hucheka, na siku ya kulipa hulia. Lakini wazee hao hawakutuachia neno lo lote juu ya mtu anayekopa siku ya matanga yenyewe. Yamkini hawakudhani kwamba itafika siku mtu mwenye akili zake atakwenda kukopa ili awalishe watu waliokuja kumpa pole. Siku hiyo imefika. Leo watu wanakopa matanga na kulipa matanga. Wanalia siku ya kwanza, na wanalia tena mwaka mzima baadaye, nao katika kilio hicho cha pili hulia peke yao, maana waliokula wamekwisha kwenda zao.

Juma hili tumeona tuseme juu ya jambo hili waziwazi. Tunajua si jambo jepesi kulisema. Mtu aliyefiwa ni mtu wa kustahiwa, na anayezungumza habari za fedha mbele ya maiti huonekana hana haya. Ndiyo maana tunalisema leo, mbali na maiti, wakati kila msomaji amekaa kwake ana nafasi ya kufikiri. Likiachwa mpaka siku ya msiba, siku hiyo hapana anayefikiri. Kila mtu anaagiza, na hapana anayehesabu.

Nani kati yetu hajasimama makaburini akasikia tangazo lile la mwisho? Udongo umekwisha fukiwa, dua imekwisha ombwa, na mzee mmoja wa ukoo anasogea mbele. Anasema kwamba kama yuko mtu aliyekuwa akimdai marehemu, na aje kwa watoto wake. Na kama marehemu alimkosea mtu, basi ukoo unamwombea radhi. Hii ni desturi njema sana. Maana yake ni kwamba sisi hatupendi mtu wetu alale na deni. Twataka aende mwepesi.

Sasa tazameni yanayotendeka nyumbani jioni ya siku hiyo hiyo. Watoto wale wale walioambiwa wapokee madeni ya baba yao wamekaa na kalamu, na mbele yao wamesimama mwenye turubai, mwenye viti, mwenye duka la mchele, mwenye bucha na mwenye basi la kukodi. Kila mmoja anataka chake. Mchana tumemtua marehemu mzigo. Jioni tumewatwika watoto wake mwingine, na mara nyingi huu wa jioni ni mzito kuliko ule wa mchana. Tumemtangazia marehemu kwamba hana deni, kisha tumefungua deni jipya kwa jina lake kabla udongo wa kaburi haujakauka.

Tuchukue mfano. Hatumtaji mtu, maana nyumba hii imo katika kila mtaa, na kila msomaji ataitambua. Fundi mwashi mmoja wa Mbagala ameugua miezi minne, kisha amekufa. Amemwachia mke wake watoto wanne, cherehani moja, na nyumba ya vyumba vitatu ambayo bado haijapigwa lipu. Akiba yote ilikwisha katika ugonjwa. Ndugu wanafika na wanaanza kuagiza: turubai mbili, viti mia mbili, magunia ya mchele, ng'ombe, maji ya chupa, kitenge cha sare kwa wanawake wa ukoo, mpiga picha za video, mabasi mawili. Anaulizwa mjane fedha iko wapi, naye hana. Basi shemeji mmoja anasema anamjua mtu anayekopesha.

Mtu huyo anatoa shilingi 1,000,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, na rehani yake ni karatasi ya mauziano ya kiwanja. Wananchi wenyewe wamekwisha upa mkopo wa namna hii jina lake, nao huuita kausha damu. Haya, tuhesabu. Riba ya mwezi mmoja ni shilingi 200,000. Kwa miezi 6 riba peke yake ni shilingi 1,200,000. Mjane akikaanga maandazi alfajiri na kushona nguo za watu usiku, akalipa riba hiyo yote bila kukosa hata mwezi mmoja, atakuwa amelipa zaidi ya alichokopa, na ile 1,000,000 ya kwanza ingali imekaa pale pale kama jiwe. Mwezi wa saba akishindwa, cherehani imechukuliwa. Mwezi wa nane akishindwa, nyumba imekwenda, na watoto wa fundi aliyewajengea watu nyumba wamekuwa wapangaji.

Twauliza: ni nini kilichomfilisi mama huyu? Watu watasema ni kifo cha mumewe. Sisi tunasema si kweli. Toeni daftari la msiba ule mkalisome mstari kwa mstari. Sanda au sanduku, ni lazima. Kaburi na mbao zake, ni lazima. Gari la kumchukua marehemu hospitali na kumfikisha makaburini, ni lazima. Jumlisheni hayo kisha myaweke kando. Mtakayoyakuta yamebaki ni chakula cha siku tatu, sare, picha, spika na mabasi. Hayo si madai ya maiti. Maiti hakula pilau. Maiti hakuvaa kitenge. Yaliyomfilisi mjane ni mambo yetu sisi tuliokaa chini ya turubai, tukatazama upande wa jikoni, na tukanong'onezana kwamba msiba huu mbona chakula kinachelewa.

Liko na neno jingine chungu zaidi. Fundi yule alipokuwa kitandani miezi minne, mara ngapi ukoo ulikutana? Mara ngapi lilipitishwa daftari la kumchangia dawa? Mgonjwa alikosa nauli ya kwenda hospitali, na maiti amepata msafara. Kama nusu ya fedha iliyotolewa kwa mchele ingalitolewa kwa vipimo na dawa, hatusemi kwamba asingalikufa, maana hilo ni la Mungu. Lakini tunasema kwamba asingalikufa huku akiona watu wake wamemwacha. Heshima inayomngoja mtu mpaka afe ndipo imfikie ni heshima ya kuwaonyesha majirani.

Wako watakaotujibu kwamba hizi ni mila na dini, na kwamba gazeti la chama lisiguse mila na dini. Basi tuzitazame hizo mila na hizo dini, tuone zinasema nini hasa.

Waislamu wanajua kwamba Jaafari bin Abi Talib alipouawa katika vita vya Muuta, mwaka 629, Mtume aliwaagiza watu wawapikie chakula jamaa zake, kwa kuwa walikuwa wamepatwa na la kuwashughulisha. Angalieni ni nani aliyeambiwa apike na ni nani aliyeambiwa apikiwe. Sisi leo tumeligeuza jambo juu chini. Mwenye msiba ndiye anayepika, na jirani ndiye anayenawa mikono. Kadhalika sheria ya mirathi ya Kiislamu imepanga vizuri. Mali ya marehemu hutolewa kwanza gharama za kumzika, kisha madeni yake, kisha wasia usiozidi theluthi moja, ndipo warithi wagawane. Karamu ya siku tatu haimo katika mpango huo. Na mwenye kuchota katika mali hiyo kabla haijagawanywa ili awalishe wageni, na humo mna haki ya yatima, ajue anachota katika chungu cha nani. Sanda nayo ni nguo nyeupe, vipande vitatu kwa mwanamume na vitano kwa mwanamke, tajiri na maskini sawasawa.

Kwa Wakristo nako, hakuna ibada ya maziko inayodai ng'ombe wala mpiga picha. Sala ile ile inasomwa juu ya sanduku la mbao za kawaida na juu ya sanduku la vioo na vishikio vya kung'aa. Jumuiya ndogo ndogo za Kanisa zilipoanzishwa mitaani, moja katika kazi zake ilikuwa ni hii ya majirani kubebeana mizigo wakati wa ugonjwa na msiba. Kwa hiyo basi, dini zote mbili zimekwisha sema, na hazikusema tukope.

Na mila? Mila zetu zilikuwa na akili kuliko sisi. Wazee wanasimulia habari za utani, namna Wanyamwezi waliokuwa wakishuka pwani katika misafara walivyokuwa watani wa Wazaramo, na watani wa makabila mengine waliyopita katika nchi zao. Mtani hakuwa mtu wa kuchekesha tu. Mtu akifa mbali na kwao, mtani wake ndiye aliyemwosha na kumchimbia kaburi, na kwa kazi hiyo alipewa kitu kidogo cha desturi, basi. Msafiri hakubeba fedha ya maziko yake begani; alijua amebebwa na watu wa njiani. Utani ulikuwa ni bima ya maskini kabla hatujalijua neno bima.

Baadaye watu walipohamia mjini kutafuta kazi wakati wa ukoloni, hofu yao kubwa haikuwa njaa. Ilikuwa ni kufa pasipo mtu wa kuwazika, na kutupwa katika shimo la serikali kama mzoga. Dhidi ya hofu hiyo walijenga vyama. Ngoma za beni, Marini na Arinoti, ambazo vijana wa leo wakizisikia hudhani zilikuwa ni mchezo mtupu wa magwanda na tarumbeta, zilikuwa zikiwasaidia wanachama wao katika ugonjwa na kuwazika wakifa. Vyama vya watu wa kabila moja au wilaya moja vilivyoanzishwa Dar es Salaam kati ya vita viwili vikuu navyo vilishika kazi hiyo hiyo ya kuzikana. Kwa hiyo hata kabla ya TANU kuzaliwa tarehe 7 Julai, 1954, mtu wa mjini alikuwa amekwisha jua nini maana ya ada, nini maana ya mweka hazina, na kwa nini daftari husomwa mbele ya watu wote. Alijifunza hayo katika kuzika wenzake. Watu hao walikuwa ni makuli, maboi na wachuuzi, na mshahara wao ulikuwa wa senti. Kama wao waliweza kuzikana bila kukopa, sisi tunashindwa kwa nini?

Tunashindwa kwa sababu moja tu. Wao walitoa kabla ya kifo, na sisi tunatoa baada ya kifo. Fedha inayotolewa kabla huhesabiwa, maana aliyeitoa ana macho makavu. Fedha inayotafutwa baada ya kifo haihesabiwi, maana anayeitafuta ana machozi machoni na ukoo mgongoni. Hiyo ndiyo siri yote, na yaliyobaki ni mipango.

Basi tuseme mipango. Nyumba 50 za mtaa mmoja zikikubaliana kutoa shilingi 2,000 kila mwezi, fedha hiyo kwa mwezi ni shilingi 100,000, na kwa mwaka ni shilingi 1,200,000. Msomaji na aikumbuke hesabu tuliyoifanya hapo juu. Hii ndiyo fedha ile ile ambayo mjane mmoja alimlipa mkopeshaji kwa riba tupu ya miezi 6. Tofauti ni kwamba hapa kila nyumba imetoa shilingi 24,000 tu kwa mwaka mzima, na fedha imebaki mtaani. Wakikubaliana kwamba kila msiba utapewa shilingi 500,000 taslimu siku ile ile, misiba miwili katika mwaka itachukua 1,000,000, na 200,000 zitabaki. Mwaka wa kwanza masalio hayo yanunue sufuria kubwa na mikeka. Miaka inayofuata yanunuliwe turubai na viti, ili mtaa uache kulipa kodi ya turubai kila mtu anapokufa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wasema watu; lakini mzigo ukishikwa na nyumba 50, huwa ni usufi kweli kweli kwa kila mmoja.

Tunajua pia kwa nini vyama vingi vya namna hii hufa kabla ya wanachama wake. Huanza kwa shangwe bila kanuni. Kwa hiyo tunashauri kanuni ziandikwe siku ya kwanza. Iandikwe ni nani anayestahili kuzikwa na chama: mume, mke, watoto, na wazazi wanaokaa katika nyumba hiyo. Asiingizwe mjomba wa mbali ambaye jina lake limeonekana baada ya kufa. Iandikwe mtu akichelewa ada miezi mingapi anapoteza haki. Fedha isikae kwa mtu, hata akiwa mcha Mungu wa namna gani, bali ikae benki au katika akaunti ya simu ya kikundi, na isitoke mpaka watu watatu wamekubali. Daftari lisomwe kila miezi mitatu mbele ya wanachama wote. Na kikundi kiandikishwe. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitambua vikundi vya wananchi vya kuweka na kukopeshana vinavyoandikishwa katika halmashauri, na sheria hiyo hiyo inamtaka afanyaye biashara ya kukopesha awe na leseni. Mkopeshaji asiyeweza kuonyesha leseni yake hana haki ya kugusa karatasi ya kiwanja cha mtu ye yote.

Hapa hatuna budi kuwapa akina mama haki yao. Katika mitaa mingi kazi hii wamekwisha ianza wao. Vikundi vyao vya upatu na vicoba vina mfuko wa jamii kando ya fedha za mikopo, na mwenzao akifiwa hufika na mchele, sukari, kuni na mikono ya kupikia, kabla sisi wanaume hatujamaliza kuulizana nani awe mwenyekiti. Wanaume waache kuwacheka akina mama kwa vikao vyao vya Jumapili. Waende wakajifunze.

Hiyo ni kazi ya kabla. Sasa siku yenyewe ikifika, ifanywe nini?

Kwanza, kabla ya kuagiza cho chote, wakae watu watatu: mmoja wa ukoo, mmoja wa majirani, na mmoja aliyeaminiwa na mjane au mgane mwenyewe. Waihesabu fedha iliyopo mkononi, siyo fedha iliyoahidiwa. Ahadi za msibani hunyauka upesi kuliko maua ya kaburini. Kisha watoe kwanza yale ya lazima, na mengine yote yakatwe kwa kadiri ya kitambaa kilichobaki. Lo lote linalohitaji mkopo lisifanyike. Hii iwe ni amri, wala isijadiliwe upya kila anapofika shangazi mwingine kutoka safari.

Pili, jiko la mwenye msiba lizimwe. Chakula kitoke majirani, na kiwe cha kushibisha, si cha karamu. Uji, chai, wali na maharage havijamvunjia maiti heshima. Mtu wa mtaa huo huo anayekwenda kwake kulala akale kwake. Anayestahili kulishwa ni mgeni wa mbali na mwenye msiba. Zamani mtani alikuwa na ruhusa ya kuwaambia watu ukweli msibani huku wakicheka. Tunaomba watani wairudie kazi yao. Akimwona mtu mzima anapanga foleni ya sahani ya tatu, na amwulize mbele ya watu kama amekuja kuzika au kuhamia.

Tatu, juu ya kusafirisha maiti. Hapa tunasema kwa upole, maana tunajua nini maana ya kulala kwa babu. Mchaga anataka kihamba chake, Mhaya anataka migomba yake, na hatuwezi kumlaumu. Lakini kutoka Dar es Salaam mpaka Moshi ni zaidi ya kilomita 500, na Bukoba ni mbali zaidi ya mara mbili ya hapo. Marehemu ana haki ya gari moja. Hana haja ya mabasi manne ya watu waliokwenda kuona nyumbani kwake. Na kama fedha haipo kabisa, basi ardhi ya Kinondoni au ya Mbagala nayo ni ardhi ya nchi hii, na aliyelazwa humo hakutupwa. Afadhali kaburi la Dar es Salaam ambalo watoto wanalipitia kila Ijumaa au Jumapili, kuliko kaburi la mbali ambalo limewagharimu paa la nyumba.

Nne, siku ya kuanua matanga daftari la rambirambi lisomwe. Kimeingia kiasi gani, kimetoka kiasi gani, kimebaki kiasi gani. Na kilichobaki akabidhiwe mjane mkononi, mbele ya watu. Rambirambi si mali ya kamati, wala si nauli ya wajomba. Imekuwa kama desturi kwamba mchango wa msiba hauulizwi hesabu, ati ni aibu kuuliza. Sisi twaona aibu iko kwa asiyetaka kuulizwa. Na shughuli ya arobaini, kama familia inataka kuifanya, iwe ni dua na sala, isiwe msiba wa pili wenye bajeti yake.

Tano, karatasi zifuatwe. Kifo kiandikishwe ndani ya siku 30, na cheti cha kifo kichukuliwe, maana pasipo cheti hicho mjane hawezi kufungua mirathi, wala kudai fedha za benki, wala mafao. Marehemu aliyekuwa mwanachama wa NSSF ana msaada wa mazishi katika mafao yake, na warithi wake wana haki zao. Lakini asiyejua hadai, na asiyedai hapewi. Kijana aliyesoma katika mtaa huo asimame na kazi hiyo, ampeleke mama ofisini na amjazie fomu. Huo ni mchango mkubwa kuliko kubeba viti. Na kiwanja kisiuzwe wala kisiwekwe rehani katika siku za kilio, hata ukoo wote ukikubali. Mtu anayelia asitie saini.

Sasa tuna neno kwa wanachama na viongozi wetu, na hili hatutalipaka asali. Mtindo wa kuzika kwa fahari haukuanzia kwa fundi mwashi. Ulianzia juu. Mkubwa akizika kwa magari thelathini, kwa maua ya kukodi na kwa sare za rangi mbili, fundi wa mtaa wake hawezi tena kuzika kwa gari moja bila kuona haya. Mkubwa anazo, fundi anaiga, na kuiga huko hulipiwa na watoto wake. Kiongozi asimamaye mkutanoni akahimiza kujitegemea, kisha akazika mama yake kwa namna ambayo wilaya nzima itakopa ili kumwiga, amebomoa kwa mkono mmoja alichojenga kwa mwingine. Tunawaomba viongozi wetu wawe wa kwanza kuzika kwa kiasi. Siku watu watakapomwona mkubwa amezikwa kwa sanda na mkeka, wageni wamekunywa chai wakaondoka, siku hiyo maskini wengi watapona.

Kiongozi pia aache kuja msibani na bahasha akataka itangazwe kwa kipaza sauti. Aitie daftarini kama wengine. Na kila tawi na kila shina lihakikishe mtaa wake una chama cha kuzikana, lakini chama hicho kisiwe cha wenye kadi peke yao. Msiba hauulizi kadi, wala kabila, wala dini, wala kwenu wapi. Mtu wa chama kingine akifa, sisi ndio majirani zake, na jembe la kuchimbia kaburi halina rangi ya chama. Tukifanya vingine, tutakuwa tumewarudisha watu katika upweke ule ambao vyama vya wazee wetu viliwatoa.

Tunajua wako watakaosema kwamba tunataka watu wazikwe kama wanyama. Hapana. Sisi twataka azikwe kama mtu, na mtu hazikwi kwa wali. Mtu huzikwa kwa watu waliomwosha kwa mikono yao, waliomchimbia, waliomsindikiza kwa miguu, waliolala kwake usiku wa kwanza ili mjane asiwe peke yake, na waliorudi mwezi wa pili kuuliza kama watoto wamekwenda shule. Hayo ndiyo mambo ghali katika msiba, na hayana bei dukani. Tunakopa mchele kwa sababu tumeona taabu kutoa mikono yetu na muda wetu.

Yako maneno mawili tu, kufa kufaana, ambayo watu huyatumia kwa kejeli, wakimkusudia mwuza majeneza na mrithi mwenye haraka. Tungependa yarudishiwe maana njema. Mmoja wetu anapokufa, na tufaane. Juma hili, kabla ya gazeti lijalo, kila msomaji na aende kwa majirani zake tisa, awaulize swali hili moja: mmoja wetu akifa usiku wa leo, fedha iko wapi? Kama jibu ni kwamba haipo, basi mkutano wa kwanza ufanyike hapo hapo mlangoni, na shilingi 2,000 ya kwanza itoke mfukoni mwa aliyeuliza.

Na siku atakaposimama tena mzee wa ukoo kule makaburini, akasema kwamba anayemdai marehemu na aje, tunataka aweze kuongeza neno moja kwa sauti ile ile, watu wote wasikie: na katika kumzika, hatukukopa.